Hiba kwa watoto: Tuitoe mapema, kwa uwazi na kwa uadilifu

Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, yapo mambo ambayo familia zetu huona haya kuyazungumza mpaka mauti yabishe hodi, na mojawapo ni mali ya mzazi aliye hai. Mzazi akiugua tunazungumzia dawa, na akifariki tunazungumzia mirathi. Ama kile anachowapa watoto wake kwa mkono wake akiwa mzima, ambacho wanachuoni hukiita hiba, hupita kimya kimya. Aliyepewa hunyamaza, na asiyepewa husikia kwa watu. Ugomvi mwingi tunaouita wa mirathi huwa umezaliwa huko, miaka mingi kabla ya mazishi.

Leo tunakusudia kulitazama jambo hili kwa upande ambao si wengi huukumbuka, nao ni upande wa kodi. Mzazi anapompa mtoto wake fedha, dola nayo ina kanuni zake, na kanuni hizo hazifanani kila nchi. Tutachukua mfano wa Uingereza, kwa sababu mbili. Kwanza, huko ndiko waliko ndugu zetu wengi kutoka Zanzibar, Tanzania Bara na pwani ya Kenya, waliozaa na kulea huko, na ambao sasa wameingia umri wa kuwagawia watoto. Pili, sheria ya nchi hiyo, pamoja na kuwa haikutoka katika Kitabu wala katika Sunna, inatufunulia udhaifu ambao dini yetu ilikwisha kutuonya nao zaidi ya miaka 1400 iliyopita.

Kanuni zenyewe

Nchini Uingereza mtoto anayepewa fedha na mzazi wake halipi kodi ya mapato kwa kuzipokea, wala mzazi halipi kodi siku anapozitoa taslimu. Kodi inayohusika ni kodi ya mirathi, ambayo hungoja mpaka mtoaji afe. Anapokufa, thamani ya alichokiacha huhesabiwa. Pauni 325,000 za mwanzo hazitozwi, na kiwango hicho hakijapanda tangu mwaka 2009. Akiwa amewaachia watoto au wajukuu nyumba aliyokuwa akiishi, huweza kuongezewa nafuu ya hadi pauni 175,000. Kinachozidi hutozwa asilimia 40.

Ili watu wasigawe mali yao yote wakiwa kitandani na kuikwepa kodi hiyo, sheria hutazama nyuma miaka 7. Hiba aliyoitoa mzazi akaishi miaka 7 baada yake huwa imetoka kabisa katika hesabu. Akifa kabla ya hapo, hiba hiyo hurudishwa katika hesabu kana kwamba bado ilikuwa mkononi mwake. Wengi wamesikia kwamba kodi hupungua baada ya miaka 3, ikashuka kutoka asilimia 32 hadi 8 kadiri mwaka wa saba unavyokaribia. Ni kweli, lakini nafuu hiyo humfaa tu yule ambaye hiba zake zenyewe zimepita pauni 325,000. Kwa aliyetoa chini ya hapo, haipunguzi kitu.

Zipo hiba ambazo hazihesabiwi hata kama mtoaji atafariki kesho yake. Kila mzazi anaweza kutoa pauni 3,000 kwa mwaka, na asipozitumia anaweza kuzisogeza mwaka mmoja mbele, si zaidi. Anaweza kuwapa watu wengi kadiri apendavyo pauni 250 kila mmoja, ilimradi mtu huyo hakupewa kutoka katika zile 3,000. Mtoto anapooa au kuolewa, mzazi anaweza kumpa pauni 5,000, na babu au bibi pauni 2,500, kabla ya ndoa au siku yenyewe. Matumizi ya malezi na masomo ya mtoto aliye chini ya miaka 18, au aliye mkubwa lakini bado yumo masomoni kwa muda wote, hayahesabiwi. Na mzazi anayetoa mara kwa mara kutoka katika kipato chake, si katika akiba, huku akibakiwa na cha kumtosha kuishi kama alivyozoea, hana mpaka wa kiasi, mradi ithibitike kwa maandishi kwamba ndivyo alivyokuwa akifanya.

Jambo moja zaidi kwa wenye watoto wadogo. Fedha alizompa mzazi mtoto wake aliye chini ya miaka 18 zikizaa pato, liwe pango la nyumba au faida ya akaunti, na pato hilo likazidi pauni 100 kwa mwaka, basi lote huhesabiwa kuwa ni la mzazi na yeye ndiye hutozwa. Sheria haikubali mzazi alifiche pato lake nyuma ya jina la mtoto mchanga.

Hiba ya mmoja, mzigo wa wote

Hapa ndipo tunapoomba wasomaji wetu wasimame kidogo na kupiga hesabu. Tuchukulie baba mwenye mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, ambao ndio warithi wake pekee, na tuweke kando misamaha mingine ili hesabu iwe nyepesi. Amempa mwanawe wa kiume pauni 100,000, kwa siri, akanunulie nyumba. Baada ya miaka miwili baba huyo anafariki, akiacha akiba na mali nyingine zenye thamani ya pauni 400,000, na wasia ulioandikwa kwamba zigawiwe kwa mafungu ya Sharia.

Lau angeitoa hiba ile mapema akaishi miaka 7, pauni 325,000 zingesamehewa, zikabaki 75,000 za kutozwa, na kodi ingekuwa pauni 30,000. Lakini kwa kuwa alifariki kabla ya muda, hiba ile ndiyo inayotangulia kuula msamaha. Zinachukuliwa 100,000 kutoka katika zile 325,000, zinabaki 225,000 tu za kuikinga tirika. Zinazotozwa zinakuwa 175,000, na kodi inafika pauni 70,000. Tofauti ni pauni 40,000.

Ni nani anayezilipa hizo 40,000? Si yule kijana peke yake. Hiba yake haikuvuka kiwango cha msamaha, kwa hiyo mkononi mwake haitozwi hata senti moja. Kodi hutolewa katika tirika kabla ya kugawanywa. Maana yake ni kwamba kila binti, ambaye fungu lake ni robo, amepungukiwa pauni 10,000 kwa sababu ya zawadi ambayo hakupewa, hakuulizwa na pengine hakuijua mpaka msimamizi wa mirathi alipolazimika kuzitaja hiba zote za miaka 7 mbele ya mamlaka ya kodi. Kaka amepata mara mbili, na dada wamelipishwa juu yake.

Tunasema, hili ndilo jambo lililotufanya tuandike. Wazazi wengi huamini kwamba kumpendelea mtoto mmoja ni kumwongezea yeye tu, na wengine hawapunguziwi kitu kwa kuwa mali ni ya mzazi. Hesabu hii inakanusha. Na kabla ya hesabu hii, alikanusha Mtume (S.A.W) katika kisa mashuhuri cha Nuuman bin Bashir (R.A). Baba yake alimpa kitu katika mali yake, na mama yake, Amra bint Rawaha, hakuridhika mpaka Mtume ashuhudie. Bashir alipokwenda kwa Mtume aliulizwa swali moja tu: je, watoto wako wote umewapa mfano wa hiki? Alipojibu hapana, Mtume alikataa kuwa shahidi wa jambo lile, akaliita dhuluma, na akaamrisha watu wamche Mungu na wafanye uadilifu baina ya watoto wao.

Wanachuoni wamekhitilafiana kidogo katika hukumu yake. Wafuasi wa Imam Ahmad wameona kuwa kusawazisha ni wajibu, na wengi katika madhehebu nyingine wameona kuwa ni jambo lililosisitizwa na kwamba kuliacha bila sababu ni makuruhu. Na kwa hao walio wengi, wakiwemo Mashafii, usawa katika hiba ni kumpa mwanamume na mwanamke sawasawa, kwani fungu la wawili kwa mmoja ni la mirathi. Hakuna kauli inayomruhusu baba kumfanyia binti yake hila ili akose haki aliyopangiwa na Mola wake katika Sura An-Nisaa.

Kusawazisha si kutoa kwa wakati mmoja wala kwa namna moja. Aliye mgonjwa hutibiwa zaidi ya mzima, na aliye chuoni hulipiwa ada ambayo aliyemaliza halipiwi. Hiyo ni haja, na haja ina hukumu yake. Tunachokikataa ni mtaji anaopewa mmoja huku wengine wakiambiwa wasubiri mirathi, kisha mirathi nayo ikaja ikiwa imeliwa na kodi.

Hiba isiyokabidhiwa

Udhaifu wa pili ni hiba ya karatasi. Mzazi anaandika nyumba kwa jina la mtoto, lakini anaendelea kuishi humo, funguo anazo yeye, na wapangaji wa chumba cha juu humlipa yeye. Anadhani amekwisha kuitoa katika mali yake. Sheria ya Uingereza, kwa kanuni iliyowekwa mwaka 1986, inasema hapana. Mtu akitoa kitu na akabaki akikifaidi, kitu hicho huhesabiwa kuwa bado ni chake siku ya kufa kwake, hata kama imepita miaka 20. Ile miaka 7 haianzi kuhesabiwa mpaka aondoke katika faida ile, au awe anamlipa mtoto pango kamili la bei ya soko.

Muislamu aliyesoma hatashangazwa na kanuni hii. Hiba katika fikihi ina nguzo za kutoa na kukubali, na kwa jumhuri ya wanachuoni haithibiti mpaka ipatikane kabdhi, yaani kile kitu kitoke mkononi mwa mtoaji na kiingie mkononi mwa mpewa. Neno letu kukabidhi limetoka hapo hapo. Sayyidna Abubakar (R.A) alikuwa amempa binti yake, Bibi Aisha (R.A), mavuno ya tende ya wasaki 20 kutoka katika shamba lake. Alipofikiwa na maradhi ya mwisho alimwambia kwamba lau angekwisha kuzivuna na kuzichukua zingekuwa zake, lakini kwa kuwa hakufanya hivyo, siku ile zimekuwa mali ya warithi wote. Huyo ni Khalifa, na mpewa ni Mama wa Waumini, na bado hiba isiyokabidhiwa ilirudi katika tirika.

Na kama vile sheria ya Uingereza inavyoitilia shaka hiba ya dakika za mwisho, Sharia nayo ina mlango wake. Anachokitoa mtu akiwa katika maradhi ya mauti huchukuliwa kama wasia. Haivuki thuluthi ya mali, na kama mpewa ni mrithi haipiti mpaka warithi wenzake waridhie. Kwa hiyo mzazi anayengoja mpaka alazwe ndipo aite karani na mashahidi amechelewa mbele ya sheria zote mbili.

Nyumba iliyoko nyumbani

Ndugu zetu walioko Uingereza wana jambo jingine la kuliangalia, na linawahusu pia jamaa walioko huku. Tangu tarehe 6 Aprili 2025, anayehesabiwa kuwa mkazi wa muda mrefu, yaani aliyekaa katika nchi hiyo miaka 10 kati ya 20 iliyopita, hutozwa kodi ya mirathi juu ya mali yake yote popote ilipo duniani. Kabla ya hapo sheria ilitazama zaidi mahali ambapo mtu hupahesabu kuwa ndiko kwao, ingawa aliyekwisha kukaa miaka 15 kati ya 20 naye alihesabiwa kama mwenyeji. Sasa kipimo ni miaka ya ukaazi. Nyumba ya Mbweni, shamba la Pemba au kiwanja cha Mombasa huingia katika hesabu. Na akirejea nyumbani, kwa kawaida sheria hiyo humfuata kwa miaka kati ya 3 na 10, kwa kutegemea muda aliokaa huko.

Tena anayefariki England au Wales bila kuacha wasia uliotimiza masharti ya huko, mali yake ya huko hugawiwa kwa utaratibu wa nchi ile, si kwa mafungu ya Qur'ani. Nchi hiyo inamruhusu mtu kuandika wasia apendavyo, kwa hiyo Muislamu hana udhuru wa kusema amenyimwa kurithisha kidini. Kilichobaki ni yeye kuandika.

Ama hapa kwetu Tanzania, hakuna kodi ya mirathi kama ile, na mzazi anayempa mtoto wake fedha taslimu hatozwi kwa kumpa. Tahadhari ni katika ardhi na nyumba. Kuhamisha hati kwenda kwa mtoto bila malipo huweza kuhesabiwa kama kuuza kwa bei ya soko, na ongezeko la thamani likatozwa kodi, ambayo kwa mkazi kiwango chake cha kawaida kimekuwa asilimia 10. Hati haihamishwi kabla shauri la kodi halijamalizwa TRA. Kenya nayo hutoza asilimia 15 juu ya ongezeko la thamani tangu Januari 2023, lakini imesamehe mali inayohamishiwa kwa mwenza na kwa watoto. Anayetaka kutoa aulize kwanza, asije akamwachia mtoto hiba yenye deni.

Kukwepa si sawa na kutumia nafuu

Wapo watakaouliza: je, kuzitumia nafuu hizi si kukwepa? Tunajibu kwamba nafuu iliyoandikwa katika sheria yenyewe ni haki ya raia, na kuitumia si khiana. Khiana ni kuandika mauzo ya uongo kwa bei ya chini, kuficha hiba isitajwe kwa msimamizi wa mirathi, au kuandika jina la mtoto juu ya mali ambayo moyoni hukumpa. Wapo pia wanaosema dola isiyokuwa ya Kiislamu haina haki juu ya mali zetu. Hao tunawakumbusha kwamba aliyeingia katika nchi kwa viza na hati zake ameingia kwa ahadi, na Sura Al-Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza ahadi. Tena yule anayeidanganya mamlaka ya kodi leo, kesho warithi wake ndio watakaosimamishwa mbele yake kujieleza.

Wala mtu asichanganye kodi na Zaka. Kodi hailipi Zaka, na fedha unayompa mtoto ambaye malezi yake yako shingoni mwako si Zaka hata ungeinuia hivyo usiku kucha.

Basi tunawanasihi wazazi mambo manne. La kwanza, toeni mapema mkiwa na afya na akili timamu, kwa kiasi kisichowaacha mkiwaomba watoto chakula. La pili, wakusanyeni watoto wote, wa kike kwa wa kiume, muwaambie nani amepewa nini na kwa sababu gani. La tatu, andikeni: tarehe, kiasi, mpokeaji, na kama ni kutoka katika kipato au akiba, na daftari hilo likae pamoja na wasia. La nne, mkitoa kabidhini, na kile msichoweza kukiachia msijidai kukitoa. Kwa mali iliyo kubwa, au iliyo katika nchi mbili, muulizeni mwanasheria wa kodi wa huko, na sheikh anayeijua fikihi ya mirathi, kabla ya kutia saini.

Watoto wetu nao tunawaambia: ukipewa peke yako, muulize mzazi wako lile swali aliloulizwa Bashir. Kuuliza si utovu wa adabu. Huenda ukamwokoa baba yako na dhuluma, na ukawaokoa dada zako na mzigo ambao hawakuubeba kwa hiari yao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azibariki mali zetu, azilinde nyoyo za watoto wetu na chuki baina yao, na atujaalie kuondoka duniani tukiwa hatuna deni la mtu shingoni. Amin.